Magnesiamu na mdundo wa moyo: sindano ilijenga jina, kidonge kikalirithi

Kuna tukio moja la wodini lililoipa magnesiamu, madini ya mwilini na ya vyakulani, sifa zake zote katika mambo ya moyo. Mgonjwa amelala, na moyo wake umeingia katika mwendo wa hatari ambao kwenye skrini unaonekana kama utepe unaosokotwa: mawimbi yanapanda, yanafifia, yanageukia upande wa pili, yanapanda tena. Daktari Mfaransa François Dessertenne aliueleza mwendo huo mwaka 1966 na kuuita torsades de pointes, yaani msokoto wa ncha. Moyo ukidumu humo, damu haifiki kwenye ubongo, mgonjwa anazimia, na kinachofuata kinaweza kuwa kifo. Anachomwa gramu mbili za magnesiamu salfeti mshipani. Ndani ya dakika chache utepe unanyooka.

Si hadithi ya kutia chumvi. Mwaka 1988 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 12 waliotibiwa hivyo. Tisa walitulia kwa sindano ya kwanza, ndani ya dakika moja hadi tano, na watatu waliobaki wakatulia baada ya ya pili. Tangu hapo magnesiamu imekaa kwenye miongozo ya tiba kama dawa ya kwanza ya msokoto huo, na jambo la kushangaza ni kwamba hufanya kazi hata kwa mtu ambaye kipimo cha damu kinaonyesha anayo ya kutosha.

Kutoka hapo watu wameruka mbali. Kama sindano inaunyoosha moyo uliopinda namna ile, basi kidonge cha kila usiku kitautunza moyo ulionyooka. Inasikika kama hesabu rahisi, na wauzaji wa virutubisho wanaipenda. Lakini sindano na kidonge vina jina moja tu. Kazi zao ni mbili, na ushahidi wa kimoja hauwezi kuazimwa na kingine. Ukivitenganisha, sehemu kubwa ya mkanganyiko kuhusu magnesiamu na moyo inafumuka yenyewe.

Bawabu asiyeonekana

Moyo wa mtu mzima hupiga takribani mara 100,000 kwa siku, na kila pigo linatokana na chumvi kuvuka kuta za seli. Sodiamu huingia kwa kishindo na kuiwasha seli. Kalsiamu hufuata polepole, nayo ndiyo inayouamuru msuli ujikaze. Kisha potasiamu hutoka, seli inatulia na kusubiri zamu nyingine. Kila moja ina milango yake, na mlango ukifunguka kabla ya wakati au ukichelewa kufungwa, mdundo unaharibika.

Magnesiamu haimo kwenye msafara huo wa kuingia na kutoka. Yenyewe ni kama bawabu. Kwenye milango ya kalsiamu hupunguza kasi ya wanaoingia, ndiyo maana wataalamu huiita mpinzani wa asili wa kalsiamu. Katika msokoto wa ncha, seli huchelewa kutulia baada ya pigo, na katika kuchelewa huko kalsiamu hujipenyeza tena na kuwasha pigo ambalo halikuitwa. Magnesiamu nyingi ikiingia kwa ghafla hubana mlango huo. Angalia vizuri kinachotokea hapo: haijazi pengo lolote, inatumika kama dawa, kwa kiwango cha dawa, kwa muda mfupi.

Kazi yake nyingine iko kwenye pampu. Baada ya kila pigo lazima sodiamu irudishwe nje na potasiamu irudishwe ndani, na pampu inayofanya hivyo huendeshwa na nishati iitwayo ATP. Ndani ya seli ATP haitumiki peke yake. Hushikana na magnesiamu kwanza. Magnesiamu ikipungua sana, mafuta yapo lakini injini inasuasua.

Uhusiano ninaouona mkubwa kuliko yote, hata hivyo, hauko ndani ya moyo. Uko kwenye figo. Katika mirija midogo ya figo kuna milango ya kutolea potasiamu kwenda kwenye mkojo, na magnesiamu iliyomo ndani ya seli huiziba kwa kiasi. Ikipungua, kizibo kinaondoka na potasiamu inamwagika. Daktari anaweza kumpa mgonjwa potasiamu ya kunywa, ya dripu, leo na kesho, na kipimo kisipande. Ni kuteka maji kwa pakacha. Akirudisha magnesiamu kwanza, potasiamu nayo inaanza kukaa. Na kwa kuwa upungufu wa potasiamu wenyewe ni chanzo kinachojulikana cha mdundo kuharibika, sehemu ya madhara tunayoibebesha magnesiamu huwa yametendwa na potasiamu iliyokosa mlinzi. Ndiyo sababu madaktari wa moyo wakiandika kipimo cha moja, mara nyingi huandika na cha nyingine.

Kaunta na ghala

Swali linalofuata ni la kila mtu: nitajuaje kama ninayo ya kutosha? Hapa pana ugumu wa kweli, na panatumiwa vibaya.

Mwili wa mtu mzima una takribani gramu 25 za magnesiamu. Zaidi ya nusu iko kwenye mifupa, sehemu kubwa ya iliyobaki iko kwenye misuli na viungo laini, na iliyo katika majimaji ya damu haifiki hata asilimia moja. Kipimo cha kawaida cha maabara hupima hiyo asilimia moja. Kiwango kinachohesabika kuwa kizuri ni kama milimoli 0.7 hadi 1.0 kwa lita, tarakimu zikitofautiana kidogo kati ya maabara na maabara.

Damu ni kaunta ya duka. Ghala liko nyuma. Mwili hujitahidi kaunta isionekane tupu, hivyo huchota kutoka kwenye mifupa na kuzibana figo zisipoteze. Mtu anaweza kuwa na ghala lililopungua na kaunta iliyopangwa vizuri. Kinyume chake, kaunta ikionekana tupu, hakuna haja ya kubishana: magnesiamu ya mwili imepungua kweli.

Kutokana na ukweli huo, wauzaji wamejenga mtego mzuri. Kipimo chako kikiwa chini, wanakuambia umeona. Kikiwa sawa, wanakuambia kipimo cha damu hakiaminiki. Kwa mantiki hiyo hakuna binadamu asiye na upungufu, na hoja isiyoweza kushindwa kwa jibu lolote haisemi kitu. Daktari makini hufanya tofauti. Anaweka kipimo pamoja na mengine: dawa unazotumia, kama umeharisha kwa muda mrefu, unywaji wa pombe, kisukari, kiwango cha potasiamu na kalsiamu, na picha ya umeme wa moyo. Pengine ataomba mkojo wa saa 24, kwa sababu figo zinazoendelea kumwaga magnesiamu huku damu ikiwa nayo kidogo zinakuambia tundu liko wapi.

Walio na upungufu kweli

Mtu mwenye afya anayekula mlo wa kawaida haangukii kwa urahisi kwenye upungufu mkali. Mwanamume mzima anahitaji takribani miligramu 400 hadi 420 kwa siku na mwanamke 310 hadi 320. Mboga za majani zinayo, kwa kuwa magnesiamu ndiyo iliyoketi katikati ya kemikali inayoyapa majani rangi ya kijani. Jamii ya maharage inayo, vivyo hivyo karanga, mbegu na nafaka zisizokobolewa. Ukila chini ya kiwango hicho si lazima uumwe. Figo hubana matumizi.

Upungufu wa kutikisa moyo huwa na sababu ya kuonekana. Dawa za kuongeza mkojo zinaongoza: furosemidi na wenzake, pamoja na jamii ya thiazidi zinazotumiwa sana kwa shinikizo la damu, hutoa magnesiamu pamoja na maji. Tazama kejeli iliyopo. Anayepewa dawa hizi kwa wingi ni mgonjwa wa moyo au wa shinikizo la damu, yaani mtu ambaye moyo wake hauna nafasi ya kupoteza chumvi yoyote. Na akiwa anatumia digoksini juu yake, dawa ya moyo ya jamii ya digitali, upungufu wa potasiamu na magnesiamu huifanya dawa hiyo iwe sumu hata kwa dozi ambayo jana ilikuwa salama. Kumbe uhusiano wa magnesiamu na digitali ni wa siku nyingi: daktari Zwillinger aliandika mwaka 1935 kuhusu kuitumia magnesiamu kutuliza midundo mibaya iliyoletwa na digitali, zaidi ya miaka 30 kabla msokoto wa ncha haujapata jina.

Kundi la pili linawashangaza wengi. Ni watumiaji wa muda mrefu wa dawa za kupunguza asidi tumboni, jamii ya omeprazoli. Machi 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba dawa hizi zinaweza kushusha magnesiamu, hasa zikitumiwa kwa zaidi ya mwaka. Kwa takribani robo ya wagonjwa waliochunguzwa, kuongeza magnesiamu peke yake hakukutosha. Ilibidi dawa yenyewe isimamishwe. Watu wengi hununua dawa hizi wenyewe kwa ajili ya kiungulia na kuendelea nazo kwa miaka bila kumwambia yeyote, kwa hiyo daktari anapouliza unatumia dawa gani, hii nayo ihesabu.

Wengine ni wanywaji wakubwa wa pombe, wenye kisukari kisichodhibitiwa, wanaoharisha kwa muda mrefu au waliokatwa sehemu ya utumbo, na waliotibiwa kwa dawa nzito kama sisplatini ya saratani au amfoterisini ya fangasi.

Kwamba upungufu wenyewe unaweza kuvuruga mdundo, kuna jaribio moja linalonivutia kwa ugumu wake. Lilichapishwa mwaka 2007 na watafiti wa Grand Forks, Marekani. Kundi dogo la wanawake waliokoma hedhi waliishi kwenye kituo cha utafiti na kulishwa mlo wenye takribani miligramu 100 tu za magnesiamu kwa siku, wiki baada ya wiki. Wachache wao walianza kubadilika mdundo, watatu wakapata mtetemeko wa vyumba vya juu vya moyo, na waliporudishiwa magnesiamu mabadiliko hayo yakatulia upesi. Kundi ni dogo na mlo ni wa kupangwa maabara, lakini mwelekeo uko wazi: ondoa, mdundo unaharibika, rudisha, unatengemaa. Kwa mwenye upungufu, kidonge si urembo.

Jaribio kubwa lililowaaibisha wataalamu

Sasa tuje kwa asiye na upungufu. Kabla ya kuuliza kidonge kitamsaidiaje, afadhali kukumbuka yaliyoikuta sindano.

Miaka ya 1980, majaribio kadhaa madogo yalionyesha kwamba ukimpa magnesiamu ya mshipani mtu aliyepata shambulio la moyo, uwezekano wa kufa unapungua. Yalipojumlishwa kihesabu, faida ilionekana kubwa mno. Mwaka 1992 likaja jaribio la LIMIT-2 la mjini Leicester, Uingereza, lenye wagonjwa 2,316, na vifo vya siku 28 vikapungua kwa takribani robo. Maelezo ya kibaiolojia yalikuwepo, yale yale ya bawabu na pampu. Dawa ni ya bei ndogo, salama, na ipo kila hospitali. Nani asingeamini?

Mwaka 1995 yakatoka matokeo ya ISIS-4, jaribio lililokusanya wagonjwa 58,050. Waliopewa magnesiamu walikufa asilimia 7.64 katika wiki tano. Ambao hawakupewa, asilimia 7.24. Hakuna faida, na tofauti ndogo iliyopo inaelekea upande usiotakiwa. Wenye imani na magnesiamu walijitetea kwamba ilitolewa kwa kuchelewa, baada ya mshipa kufunguka. Utetezi ulikuwa na mantiki, hivyo likafanywa jaribio jingine, MAGIC, wagonjwa 6,213 waliopewa mapema. Majibu yalitoka 2002: vifo vya siku 30 vilikuwa asilimia 15.3 kwa waliopata magnesiamu na 15.2 kwa wasiopata. Mjadala ukafungwa. Kisa hicho bado hutajwa katika mafunzo ya takwimu za tiba kama mfano wa jinsi majaribio madogo yenye majibu mazuri yanavyochapishwa, na yenye majibu mabaya yanavyobaki kwenye droo, hadi jumla yao ikadanganya.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu ushahidi wa vidonge vya magnesiamu kwa moyo uko leo mahali ulipokuwa ushahidi wa sindano kabla ya 1995. Maelezo ya kibaiolojia yanavutia. Tafiti ndogo zina matumaini. Jaribio kubwa la kuamua halijakuwepo.

Kidonge chenyewe kimepimwaje

Anayetafuta kidonge mara nyingi anatafuta dawa ya kitu kimoja: moyo unaoruka. Ametulia kitandani, ghafla moyo unapiga pigo la haraka, unanyamaza kidogo, kisha unapiga kwa nguvu kifuani. Hayo ni mapigo ya mapema, yanayoanzia nje ya kituo cha kawaida cha umeme wa moyo. Karibu kila mtu huyapata wakati fulani, na kwa moyo usio na ugonjwa kwa kawaida hayana madhara, ingawa yanatisha.

Mwaka 1997 jaribio liitwalo MAGICA lilitoa magnesiamu na potasiamu za kumeza kwa wiki tatu kwa wagonjwa wenye mapigo mengi ya mapema ya vyumba vya chini. Lilihusisha watu 232. Mapigo yalipungua kwa takribani asilimia 17 kuliko kwa waliomeza kidonge cha kuigiza kisicho na dawa. Lakini mapigo ya mfululizo, ambayo ndiyo yanayotia wasiwasi zaidi, hayakubadilika, na wagonjwa wenyewe hawakujisikia nafuu ya kuwatofautisha na wenzao. Mashine iliona, mgonjwa hakuona. Miaka 15 baadaye, 2012, utafiti wa Brazili wa watu 60 waliotumia magnesiamu pidolati kwa siku 30 ulipata majibu mazuri zaidi: mapigo yalipungua sana na wengi walisema wamepata nafuu. Watu 60 kwa mwezi mmoja ni wachache. Ni sababu ya kufanya utafiti mkubwa; kubandika ahadi kwenye chupa ni jambo jingine.

Kisha kuna mpapatiko wa atiria, ule mtetemeko wa vyumba vya juu unaofanya mapigo yasiwe na mpangilio kabisa. Washiriki wa utafiti wa moyo wa Framingham, Marekani, watu 3,530 waliofuatiliwa kwa miaka mingi na kuripotiwa mwaka 2013, walionyesha kwamba robo yenye magnesiamu ndogo zaidi kwenye damu ilipata mpapatiko huu kwa takribani asilimia 50 zaidi ya robo ya juu. Namba hiyo hunukuliwa sana. Kinachosahaulika ni kwamba mwenye magnesiamu ndogo mara nyingi ana mengine: kisukari, dawa za kuongeza mkojo, pombe. Kuonekana pamoja si kusababishana, na utafiti wa kufuatilia watu haukuambii kama kuongeza kidonge kungebadili mwisho wao.

Kwa sindano, habari ya mpapatiko ni tofauti tena. Jaribio la Tunisia lililochapishwa 2019, wagonjwa 450 waliofika kwenye vyumba vya dharura moyo ukienda mbio kwa mpapatiko, lilionyesha kwamba magnesiamu salfeti ya mshipani, ikiongezwa juu ya dawa za kawaida, inasaidia kupunguza kasi ya mapigo. Gramu 4.5 zilitosha, gramu 9 hazikuleta faida zaidi, zikaongeza maudhi. Tena ni sindano, tena ni chumba cha dharura.

Hapa nisisitize jambo moja kwa aliyekwisha kuambiwa ana mpapatiko wa atiria. Hatari yake kubwa ni kiharusi, kwa sababu damu inayotulia kwenye vyumba vinavyotetemeka huganda. Dawa ya kuzuia damu kuganda, kama umeandikiwa, haina mbadala kwenye rafu ya virutubisho. Na anayezimia, anayepata maumivu ya kifua, anayekosa pumzi moyo ukienda mbio, au mwenye ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana, mahali pake ni hospitali na kipimo cha ECG, ile picha ya umeme wa moyo, siku hiyo hiyo.

Kusoma chupa

Tuseme daktari amekubali utumie, au upungufu umethibitika. Chupa imeandikwa miligramu 400. Za nini? Magnesiamu haiuzwi peke yake. Hufungwa na kitu kingine, na uzito ulioandikwa unaweza kuwa wa wote wawili. Magnesiamu oksidi ni asilimia 60 magnesiamu, kwa hiyo miligramu 400 zake zina takribani 240 za kweli. Sitrati ni kama asilimia 16, na glisinati kama 14. Ukiishia hapo utasema oksidi ndiyo bora, na kwa sababu hiyo na ya bei ndiyo inayojaa madukani. Lakini oksidi haiyeyuki vizuri; utafiti mmoja wa 2001 ulikuta inayofyonzwa ni kama asilimia 4 tu. Sitrati, kloridi, laktati na aspartati hufyonzwa vizuri zaidi. Glisinati inasifiwa kwa kutosumbua tumbo. Taurati inauzwa kwa jina la moyo, lakini ushahidi wake kwa binadamu ni haba. Jina linabeba kazi ambayo tafiti hazijafanya. Mafuta ya kujipaka na maji ya kuoga yenye magnesiamu tuyaache kwa wanaopenda kuoga.

Magnesiamu isiyofyonzwa huvuta maji kwenye utumbo, na hapo ndipo kuharisha kunapotoka. Dawa kadhaa za kulainisha choo si kitu kingine ila magnesiamu iliyokusudiwa isifyonzwe. Marekani imeweka kikomo cha miligramu 350 kwa siku kutoka kwenye virutubisho, Ulaya 250, na vikomo vyote viwili vinatazama kuharisha. Kuna kichekesho humo: anayemeza nyingi hadi akaharisha kwa wiki kadhaa anaweza kupoteza magnesiamu na potasiamu alizokuwa anazitafuta. Utumbo hufyonza sehemu kubwa zaidi ya dozi ikiwa dozi ni ndogo, kwa hiyo kugawa mara mbili kwa siku pamoja na chakula kuna maana kuliko kumeza zote kwa mkupuo. Ghala lililopungua halijai kwa siku tatu, huchukua wiki.

Magnesiamu pia hung'ang'ania dawa nyingine tumboni zikashindwa kufyonzwa. Doksisaiklini na siprofloksasini, dawa za bakteria, ni miongoni mwao, vidonge vya tezi vya levothairoksini, na dawa za mifupa za jamii ya alendronati. Anayetumia dolutegraviri kwa VVU anatakiwa aimeze saa mbili kabla ya magnesiamu au saa sita baada yake, kwani dozi iliyozuiliwa tumboni haifanyi kazi dhidi ya virusi. Hili ni la kumwambia mfamasia hata kama hujaulizwa.

Usalama wa magnesiamu ya kumeza unasimama juu ya mguu mmoja: figo zinazofanya kazi. Zikiwa nzima, ya ziada hutoka kwenye mkojo na hakuna anayesikia. Zikiwa zimechoka, inajikusanya, na yule bawabu anaanza kufunga milango yote. Shinikizo la damu linashuka, mapigo yanakuwa ya polepole, usingizi mzito unaingia, misuli inalegea, na mwishoni umeme wa moyo unashindwa kupita kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Kilichotakiwa kulinda mdundo kinauzima.

Wanaoijua hatari hii vizuri kuliko wote ni wakunga. Magnesiamu salfeti hutolewa kwa gramu kuzuia kifafa cha mimba. Jaribio la Magpie la 2002, lenye wanawake 10,141, lilionyesha inapunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu. Mama akiwa kwenye dripu hiyo, mkunga hupita mara kwa mara, hugonga chini ya goti kuona kama mguu unaruka, huhesabu pumzi, hupima mkojo. Goti huacha kuitika kabla pumzi haijasimama, na kalsiamu glukonati, kiuasumu chake, huwekwa karibu. Mzee mwenye figo dhaifu anayetumia nyumbani dawa ya kulainisha choo yenye magnesiamu, na juu yake kirutubisho alichoshauriwa kwa ajili ya moyo, hana wa kumgonga goti. Kwake kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha kazi ya figo, kinakuja kabla ya chupa, na kama figo ziko chini ya asilimia 30 ya kazi yake ya kawaida, chupa hiyo hainunuliwi bila daktari anayemfuatilia kwa damu.